Baharia Aliyetusuka Nywele

Ijumaa iliyopita nilipita mbele ya shule yangu ya zamani, hapa Kamina, saa ile ya mchana wasichana wanapotoka. Nilikuwa nimefika kwa treni siku mbili kabla, mwili bado unayumba kama niko ndani ya behewa, na sikuwa na haja yoyote shuleni. Lakini niliona wasichana wamejazana kwenye dirisha la darasa la mwisho, mikono juu, kila mmoja na simu yake, wakipiga picha ya ubao. Sikuhitaji kusogea nione kilichoandikwa. Nilijua kwamba hakuna kilichoandikwa. Ubaoni palikuwa na kichwa.

Kama hukusoma kwetu, ngoja nikueleze. Katika shule nyingi za wasichana za huku, kila Ijumaa mwalimu huchora ubaoni mtindo wa nywele wa wiki inayofuata. Tunauita modeli. Anachora duara kama yai, ndani yake mistari: wiki hii mistari sita inakwenda nyuma, wiki ijayo minane inazunguka, wiki nyingine vifundo vya uzi vinavyosimama kama miche ya mahindi. Sisi wakati huo hatukuwa na simu. Tulikuwa tukinakili kwenye daftari kwa kalamu ya risasi, na nyumbani mama au dada mkubwa anakaa Jumapili nzima akikusuka kama ulivyochora. Jumatatu asubuhi, kabla ya wimbo wa taifa, mwalimu anapita mstari kwa mstari akikagua vichwa. Ambaye hakusukwa modeli anarudishwa nyumbani, na siku hiyo imepotea.

Nilisimama pale barabarani, vumbi jekundu likinipanda miguuni, nikamkumbuka babu yangu. Yeye alikuwa baharia.

Najua unachotaka kusema. Baharia wa Kamina ni wa maji gani? Watoto wa askari wa kambini walikuwa wakimuuliza hivyohivyo kila alipopita na kofia yake ya buluu iliyopauka. "Papa Marin, meli yako umeiegesha wapi?" Naye, bila kusimama, anajibu: "Ku kisima yenu. Musikunywe yote, itakwama."

Alizaliwa Mulongo, kando ya Lualaba, mtoto wa wavuvi. Alijua kuogelea kabla ya kujua kuvaa suruali, na hiyo ndiyo sababu walimchukua jeshi la maji akiwa kijana. Miaka kumi na minane alikaa Kalemie, kwenye boti za doria za Ziwa Tanganyika. Bibi yangu alikuwa mtu wa Kabongo, binti wa wakulima, na aliogopa maji kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Alipoolewa na kupelekwa Kalemie, alikuwa akilala na mgongo upande wa ziwa. Babu akamwahidi kwamba siku moja atampa nyumba ambayo ukisimama mlangoni huoni maji popote. Watoto wao walipofika saba, akaomba uhamisho kuja kambi kubwa ya Kamina, kutunza ghala. Wenzake walidhani ameadhibiwa. Nani anaomba kutoka kwenye boti aje kuhesabu mablanketi kwenye uwanda mkavu? Yeye hakumweleza mtu. Alipostaafu alijenga nyumba ya matofali mjini, si mbali na reli, na kweli, ukisimama mlangoni huoni maji, ila labda yale ya mwezi wa tatu yanayotuama barabarani.

Mimi nilikulia katika nyumba hiyo. Mama yangu alikwenda Lubumbashi kutafuta maisha, akatuacha kwa wazazi wake, mimi na miaka sita, mdogo wangu bado ananyonya kidole. Huku kwetu babu na bibi wote wawili tunawaita nkambo. Ukiita "nkambo" wanaitika wote, na ilikuwa ni mchezo wao: yule anayeitika wa pili anaambiwa amezeeka zaidi.

Babu aliiendesha nyumba ile kama bado iko juu ya maji. Baraza la saruji aliliita sitaha, na kila Jumamosi tulilisugua kwa sabuni na ufagio, kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kutoka nyuma kwenda mbele. Jikoni aliita mashine. Moshi wa makaa ulipokuwa mwingi alisimama mlangoni na kuuliza kama mashine imeharibika, na bibi anamjibu kwamba mashine ni nzima, ni fundi ndiye amekosa kuleta makaa makavu. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ile ya Kamina inayouma masikio, babu ndiye aliyeamka wa kwanza, akachemsha maji ya kuoga ya kila mtu, akaita majina yetu moja moja. Bukari ya nyumba ile, ugali wetu, ilikuwa laini, sombe ya majani ya muhogo ilipondwa mpaka ikawa kama siagi, na siku watu wa Mulongo walipoleta samaki mkavu, babu alifunga macho na kunusa gunia kabla ya kuruhusu mtu alifungue.

Kusuka ilikuwa kazi ya bibi. Alikuwa na mikono mepesi. Unaweza kusinzia akiwa anakusuka. Watu walimletea mabinti wao, lakini mabinti wa nyumba yake hawakupelekwa kwa mtu. Alikuwa na msimamo huo na hakuueleza. "Kichwa ya mutoto wangu haiende kuomba ku bantu," alisema, basi. Aliwasuka mabinti zake wanne mpaka wakaolewa. Na mama alipotuleta, usiku ule ule kabla treni haijaondoka naye, bibi alitukalisha kati ya magoti yake akatufumua, kama mtu anayefungua barua.

Nilipokuwa na miaka kumi, mikono yake ilianza kukunjika. Kwanza vidole vya kulia vilivimba, halafu vya kushoto. Baridi ya mifupa, walisema. Akawa hawezi kushika sindano, halafu hawezi kushika kisu, halafu siku moja, katikati ya kichwa changu, kitana kilianguka na hakuweza kukiokota. Akakiangalia pale chini. Sisi pia tukakiangalia. Babu ndiye aliyeinuka, akakiokota, akakiweka mfukoni mwake.

Wiki ile bibi alipelekwa hospitali kwa sindano, wakamlaza siku tatu. Na Ijumaa ilikuwa imefika, na ubaoni palichorwa mistari saba inayoanza mbali mbali na kukusanyika mahali pamoja, kama matawi ya mto. Nilinakili. Jumapili mchana babu alikaa kwenye kiti cha chini, akafungua daftari langu juu ya goti lake, akalitazama kwa makini ya mtu anayesoma ramani.

"Nkambo, weye unajua kusuka?" nilimuuliza.

"Minyi nilisuka kamba zenye zinavuta boti ya chuma. Kichwa yako iko na kilo ngapi?"

Akaanza. Mikono yake ilikuwa na nguvu na haikuwa na haraka. Alilowesha nywele kwa maji kwanza, kama kamba, akavuta mpaka nyusi zangu zikapanda. Lakini baada ya mstari wa pili nilihisi jambo. Nywele zilikuwa zinakuja usoni.

"Nkambo, zinakuja huku mbele."

"Njo vile iko mu karatasi." Akanionyesha kwa kidole. "Hapa juu ni mbele ya chombo. Hapa chini ni nyuma. Mistari yote inapanda juu."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na sidhani kama kuna mtu mwingine Kamina nzima angeweza kulifanya. Mwalimu alikuwa amechora kichwa kama anavyokiona yeye akisimama mbele yako kukikagua, paji la uso likiwa chini na kisogo juu. Mwanamke yeyote angejua. Babu yangu, katika miaka kumi na minane ya kutazama michoro ya boti, hakuwahi kuona mchoro ambao mbele yake haiko juu ya karatasi. Na mimi, niliyechora mwenyewe, nilianza kujishuku. Huyu ni mtu aliyevuka ziwa gizani akifuata mistari kwenye karatasi. Mimi ni nani? Nikanyamaza. Alimaliza jua likiwa bado juu, mistari saba imenyooka kama imepigwa rula, yote imekusanyika juu ya paji langu la uso, na mwishoni akaizungushia uzi na kuufunga kwa fundo la jeshi la maji.

Jumatatu sikufika hata langoni kabla wasichana hawajaanza.

"Oneni ule, iko na pembe."

"Haiko pembe, ni antena. Anashika redio ya Lubumbashi."

"Muulizeni habari ya saa sita."

Mwalimu alijitahidi asicheke. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, jinsi alivyoziba mdomo kwa daftari la mahudhurio. Akanirudisha nyumbani, na siku hiyo darasa la tano lilikuwa na mtihani wa hesabu.

Nilimkuta babu barazani akichambua maharagwe. Aliponiona, aliinuka nusu, na uso wake ulikuwa na swali. Nikamwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nageuza uso, ingawa niko peke yangu. Nilimwambia: "Weye haiko mama. Rudia ku maji yako."

Hakukasirika. Alikaa. Akaniita, akajaribu kulifungua lile fundo, na halikufunguka, kwa sababu alikuwa amelifunga vizuri. Ilibidi alete mkasi. Alikata uzi na nywele kidogo pamoja nao, akakishika kile kipande mkononi muda mrefu, hajui akiweke wapi.

Bibi alirudi kutoka hospitali jioni ile. Mdogo wangu alimsimulia yote mlangoni, na pembe, na antena, na redio. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa miezi mingi hatujasikia kicheko hicho. Halafu kikabadilika katikati, na babu akamshika mkono, akampeleka ndani.

Sasa sikiliza nilichofanya wiki iliyofuata. Nyuma ya uzio wetu wa matete aliishi mama mmoja wa Maniema, Mwislamu, mfanyabiashara wa vitambaa, vitana na nyuzi za nywele. Mchana wanawake walikaa kwenye mkeka wake, wengi wao wake za askari waliotoka pande zote za nchi, wakisukana na kusema watu. Jumapili, babu akiwa kanisani na bibi amelala, nilipenya kwenye uzio na daftari langu. Mama yule aliniangalia kidogo, akauliza tu kama nyumbani wanajua. Nikasema wanajua. Akanisuka vizuri sana.

Nilirudi nikijua nitakaguliwa Jumatatu na nitapita. Sikujua kwamba nitakaguliwa kwanza nyumbani. Bibi alikuwa ameamka. Alinyoosha mkono wake uliokunjika akagusa kichwa changu kwa nyuma ya vidole, maana upande wa ndani ulikuwa haufunguki tena. Alifuata mstari mmoja mpaka mwisho. Halafu mwingine. Akajua.

"Ni muzuri," alisema. Akaingia ndani.

Hakula siku ile. Wala kesho yake. Babu alipeleka uji, akarudi na uji. Siku ya tatu bado alikuwa amelala na uso ukutani, kama enzi za Kalemie, na nilimsikia akimwambia babu kwa Kiluba, sauti ya chini, kwamba mwanamke ambaye hawezi kumsuka mtoto wa binti yake ni mzigo tu ndani ya nyumba, wampeleke Kabongo kwa ndugu zake akasubiri huko. Alimaanisha. Alikuwa ameanza kukunja nguo zake kwa viganja vya mikono, nguo moja kwa nusu saa. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kwamba mimi ndiye niliyemfungashia.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa naosha sahani karibu na uzio. Nikaona kofia ya buluu inapita upande wa pili. Nilichungulia kati ya matete. Babu alisimama mbele ya mkeka wa wanawake, kofia mkononi.

"Papa Marin," alisema mama wa Maniema, "umepotea njia? Bwana yangu haiko."

"Sitafute bwana yako. Natafuta weye."

Wanawake wakacheka, wakagongana mabega.

"Na bibi yako anajua?"

"Hajue. Na akijua ataniua."

"Haya, sema basi. Unataka nini?"

"Nifundishe kusuka."

Kicheko kilikatika. Mmoja wao, mke wa askari, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja wa ndege, akasema: "Mwanaume kusuka? Ile jeshi ya maji ilikuwa nabafundisha nini?"

"Ilikuwa natufundisha kamba. Kamba na nywele ni ile ile, ila tu kamba hailie."

"Mutoto yako alilia?"

"Minyi njo nililia," alisema babu.

Mama wa Maniema aliwatazama wenzake, akamtazama yeye, mzee wa karibu miaka sabini amesimama juani.

"Hapa kwangu mwanafunzi anaanza na kufagia," alisema.

Babu akauchukua ufagio. Alifagia uwanja ule wote, kutoka mbele kwenda nyuma, akakusanya nywele na vipande vya nyuzi akavichoma. Halafu akapewa kichwa cha binti wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka saba mwenye mdomo.

"Papa Marin, unavuta kama unafunga boti."

"Boti ikifunguka inapotea."

"Kichwa yangu haipotee. Iko hapa."

Kila mchana alikwenda. Alifundishwa kugawa nywele kwa ncha ya kitana, kuanza mstari kwa nywele chache na kuongeza njiani, kutia mafuta kwanza badala ya maji, na kulisoma yai la mwalimu kwa upande wake sahihi. Watu walisema. Sokoni walisema, kanisani walisema. Mzee mmoja wa kambini, mwenzake wa zamani wa ghalani, alimsimamisha njiani na kumwambia anawaaibisha wanajeshi. Babu alimuuliza nani anamfulia nguo, yule akasema mke wake. "Basi muombe asiugue," babu alimwambia, akaenda zake.

Jumapili ilipofika, bibi akiwa bado anaonja uji vijiko viwili tu kwa siku, babu alitoa kiti cha bibi nje, kile chenye mgongo, akakiweka juu ya sitaha. Mbele yake akaweka kiti chake cha chini. Mbele ya kiti cha chini akatandika mkeka. Akaingia ndani. Tulimsikia bibi akisema aachwe alale. Tukamsikia babu.

"Mikono niko nayo. Macho sina. Minyi sioni mustari kama weye. Njoo uniambie."

Babu alitoka akimshika kiuno, akamkalisha. Halafu babu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu mkubwa akiniogopa.

"Ukikataa ni sawa," alisema. "Nitakupeleka kwa jirani minyi mwenyewe, na nitakungojea."

Nilimtazama bibi. Alikuwa amekishika kitana kati ya viganja viwili, kama mtu anayeipua sufuria ya moto, akikinyoosha kwa babu. Nguo zake zilizokunjwa zilikuwa bado zinaonekana kitandani kupitia mlango wazi. Nikaenda nikakaa kwenye mkeka, nikawapa mgongo.

"Anza kushoto," alisema bibi.

"Ndiyo, komanda."

"Ile haiko kushoto."

"Ni kushoto yangu."

"Nani anasukwa, weye ao mutoto? Nimesema kushoto."

"Ndiyo, komanda."

"Sasa punguza mikono. Punguza. Unamuua."

Ilichukua mchana mzima. Treni ya mizigo ilipita, ikatikisa vikombe, ikaenda. Mdogo wangu alilala. Bibi alianza kwa kuamuru, halafu akaanza kukosoa, halafu kumsema babu mbele ya jirani aliyekuwa akichungulia kwenye uzio, na jioni akaomba chakula.

Jumatatu mwalimu alipita mstari kwa mstari. Kwangu alisimama. Akagusa mstari mmoja, akaufuata mpaka kisogoni.

"Nani amekusuka?"

"Nkambo."

"Nkambo mwanamke?"

Wasichana waligeuka wote. Nilijua wanangoja nini.

"Bote mbili," nikasema. "Mwanaume anasuka, mwanamke anaongoza."

Mwalimu aliniangalia kidogo. "Wamefanya kazi," alisema, akaenda kwa aliyefuata.

Nguo za bibi zilirudi sandukuni. Hakukwenda Kabongo tena ila kwa matanga. Tangu siku ile, miaka minane, kila Jumapili baada ya misa, viti vile vilitoka: kiti chenye mgongo, kiti cha chini, mkeka. Vilipoisha vichwa vyetu, babu aligeuza kiti chake na kumsuka bibi, naye bibi akimwongoza kwa makemeo yale yale. Wanawake wa mkeka wa jirani walizoea. Wengine walimletea mabinti zao, na mke yule mnene wa askari alikuwa wa kwanza. Babu alikubali kwa sharti moja, kwamba komanda ni bibi. Nikawa msichana mkubwa, nikaanza kuona aibu ya vitu vingi, aibu ya viatu vyangu, ya sauti yangu, ya kofia ile ya buluu. Lakini ile ya kusukwa na babu sikuwahi kuwa nayo tena.

Bibi alifariki msimu wa mvua, mwaka wangu wa mwisho wa shule. Wanawake walimwosha na kumvika. Kabla hawajamfunga kitambaa kichwani, babu alikuja mlangoni, uzi mweusi umening'inia shingoni, kitana mkononi. Ndugu mmoja wa bibi aliyefika kutoka Kabongo akamzuia kwa upole.

"Shemeji, ile ni kazi ya banamuke."

Mama wa Maniema alikuwa amekaa chini pale, miguu amenyoosha, na hakuinua hata kichwa. "Mumuache," alisema. "Ile kichwa ni yake."

Wakampisha. Niliitwa nimshikie uzi. Nikakaa upande wa pili, bibi akiwa kati yetu, mvua inapiga mabati hata hatusikii watu wa nje. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache. Babu alisuka mistari sita inayokwenda nyuma, modeli rahisi kuliko zote. Na kila alipomaliza mstari alisimama kidogo, kichwa ameinamisha upande, akingoja aambiwe. Halafu anaendelea.

Aliishi miaka tisa zaidi. Alifika themanini na sita, katika nyumba ile ambayo ukisimama mlangoni huoni maji. Wajukuu na vitukuu walimjaza, watoto wake saba walipokezana kumtunza, na aliwaita kila asubuhi majina yao hata wale walio mbali, akiwachemshia maji kwa maneno tu. Kitana hakukishika tena. Tulimwomba, mimi na mdogo wangu, kila tulipokuja likizo; alisema macho hana. Tulipomzika, walikuja askari wawili wazee kutoka kambini wakapiga saluti, na wanawake wengi wa mji huu, mama za watu sasa, ambao walipita mbele ya jeneza lake wakijishika vichwa vyao si kwa kilio tu.

Uzio wa matete haupo; kuna ukuta wa matofali. Mama wa Maniema alirudi kwao. Sitaha imepasuka na majani yametokeza. Wasichana wanavaa nywele za dukani zilizotoka Lubumbashi, na picha ya modeli wanaituma kwa msusi wa kulipwa kabla hawajafika nyumbani. Siwalaumu. Wamependeza.

Ila binti yangu anaanza shule mwaka huu. Juzi nilimkalisha kati ya magoti yangu, nikachukua kitana, na nikagundua kwamba sijui. Miaka minane nilisukwa na mtu yule na sijui anavyoanza. Namjua kwa magoti yake yaliyokuwa yakinibana mabega, kwa pumzi yake, kwa harufu ya sabuni na mafuta, kwa "ndiyo, komanda" yake iliyopita juu ya utosi wangu. Kidole gani kilitangulia, uzi aliupitisha wapi, fundo alilifunga vipi hata lisiume: siku zote nilikuwa nimempa mgongo. Na siku moja tu niliyokaa mbele ya mikono ile, uzi mkononi, nilikuwa namtazama usoni.